SOMO: Namna ya Kusoma Picha ya Shafti Inayosokotwa



Somo letu safari hii linahusu picha. Si picha ya mtu wala ya mkutano, bali ile inayochorwa na kompyuta kuonyesha chuma kinavyofanya kazi. Zamani picha za namna hii zilikaa kwa wahandisi peke yao. Siku hizi huletwa mpaka katika chumba cha kusikilizia makosa, huwekwa mezani mbele ya mwendesha mashine, na huambiwa zinasema yeye amekosa. Kwa hiyo hatuna budi kujifunza kuzisoma.

Tuanze na jambo lililotokea katika kiwanda kimoja cha sukari, ambacho hatutakitaja jina. Usiku mmoja shafti inayoendesha mkanda wa kupeleka makapi ya miwa kwenye boila ilikatika. Hakuna aliyeumia, lakini boila lilikosa kuni zake na kazi ikasimama. Baada ya siku chache mwendesha mashine wa zamu ile aliitwa ofisini. Juu ya meza palikuwa na karatasi yenye picha ya rangi. Shafti ilikuwa imesokotwa kama kamba ya katani, mwisho wake umevimba kama mdomo wa tarumbeta, na ngozi yake yote ilikuwa nyekundu.

Bwana mkubwa akamwambia, “Tazama mwenyewe. Umeilisha mashine makapi mpaka shafti imekuwa hivi. Kompyuta haisemi uongo.”

Yule ndugu akajibu, “Mzee, mimi nilipeleka makapi kama siku zote.” Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema. Angesema nini, naye picha ameiona kwa macho yake? Alipewa barua ya onyo na kuambiwa kwamba gharama itakatwa katika mshahara wake.

Kamati ya tawi ilipoletewa habari haikuanza kwa kelele. Ilianza kwa swali moja: picha hii imetiwa chumvi kiasi gani?

Picha hizi zinatoka wapi

Kompyuta haijui shafti nzima. Mhandisi huikata shafti, kwa hesabu tu, katika vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, kama mtu anayejenga ukuta kwa matofali. Kila kipande kina pembe zake, na pembe za vipande jirani zimeunganishwa. Kompyuta hupiga hesabu kila pembe itasogea kiasi gani nguvu ikitiwa. Njia hii ilikuzwa na wahandisi wa ndege. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walitoa maandishi yao mashuhuri juu yake, na mwaka 1960 Clough akaipa jina linalotumika hata leo. Ni njia nzuri. Madaraja, ndege na mashine nyingi tunazotumia zimepimwa kwa njia hiyo.

Lakini kuna tatizo la macho. Chuma kinapofanya kazi vizuri husogea kidogo mno, kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kompyuta ikichora shafti kama ilivyo, picha ya kabla na ya baada ya kusokotwa zitafanana kama mapacha. Kwa hiyo programu huchukua ule msogeo mdogo na kuuzidisha mara 50, mara 200, hata mara 1,000, kisha ndipo huchora. Programu nyingi hufanya hivyo zenyewe bila kuulizwa. Huchagua kizidisho kitakachofanya msogeo mkubwa kabisa uonekane kwenye picha kama sehemu moja ya kumi ya urefu wa kitu chenyewe, au karibu na hapo. Kizidisho huandikwa pembeni kwa herufi ndogo, na mara nyingi picha inapokatwa na kubandikwa katika ripoti, zile herufi ndogo hubaki nje.

Hakuna ubaya katika kukuza. Fundi saa naye hutumia kioo cha kukuzia. Ubaya ni kumwonyesha mtu kile kilichokuzwa na kumwambia kuwa ndicho kipimo cha kweli.

Tupige hesabu wenyewe

Tuchukue shafti ya chuma ya duara yenye kipenyo cha milimita 50 na urefu wa mita 1. Inaendeshwa na mota ya kilowati 15, yaani karibu nguvu za farasi 20, kupitia gia, nayo inazunguka mara 143 kwa dakika.

Kwanza tutafute nguvu ya kusokota. Zidisha kilowati kwa 9,550, kisha gawanya kwa mizunguko ya dakika moja. 15 mara 9,550, gawanya kwa 143, ni karibu nyutoni-mita 1,000, au nyutoni-milimita 1,000,000.

Pili, mkazo katika ngozi ya shafti. Zidisha nguvu ya kusokota kwa 16, kisha gawanya kwa 3.14 na kwa kipenyo mara tatu, yaani 50 mara 50 mara 50. Jibu ni nyutoni 41 hivi kwa kila milimita ya mraba. Chuma laini cha kawaida huanza kulegea kwa kusokotwa kwenye nyutoni 140 hivi. Kwa hiyo shafti hii, ikiwa nzima na laini kila mahali, inafanya kazi yake bila taabu.

Tatu, inajisokota kiasi gani? Zidisha 584 kwa nguvu ya kusokota na kwa urefu wa milimita 1,000. Kisha gawanya kwa ugumu wa chuma, ambao ni 80,000, na kwa kipenyo mara nne, yaani 50 mara 50 mara 50 mara 50. Jibu ni digrii 1.17. Upande mmoja wa shafti umeutangulia mwingine kwa digrii moja na kidogo tu. Mstari uliochorwa juu ya ngozi yake utakuwa umehama mwishoni kwa milimita 0.51, nusu milimita. Nguvu ikiondolewa, unarudi mahali pake.

Sasa tumpe mchoraji wa kompyuta nusu milimita hiyo. Anataka ionekane kama sentimita 10, yaani sehemu ya kumi ya urefu wa mita moja. Anazidisha mara 200. Nusu milimita imekuwa milimita 102, na shafti iliyo salama kabisa imekuwa kamba ya katani.

Kwa nini shafti inavimba katika picha

Hapa ndipo wengi hudanganyika, hata wenye vyeti. Katika picha mwisho wa shafti si tu umesokotwa, bali pia umenenepa. Mtu akiona hivyo husema, “Chuma kimefutuka kwa joto na kuzidiwa.” Sivyo.

Fikirini ng'ombe aliyefungwa kwa kamba kwenye kigingi, kamba imekazika. Akitembea atazunguka duara, wala hawezi kwenda mbali na kigingi kuliko urefu wa kamba. Ndivyo kila nukta ya shafti inavyofanya: huzunguka katikati ya shafti bila kuiacha. Lakini ng'ombe akipiga hatua moja ndogo sana, hatua ile ni karibu mstari mnyoofu. Huwezi kuona tofauti kati ya mnyoofu na duara. Basi mchoraji wa kompyuta huichukua ile hatua moja, akaizidisha mara 200, na kuipeleka mbele moja kwa moja bila kupinda. Ng'ombe amekata kamba, amekwenda zake shambani kwa watu!

Kwa shafti yetu hesabu ni hii. Kutoka katikati hadi kwenye ngozi ni milimita 25. Nukta ya mwisho, badala ya kuzunguka, imepelekwa pembeni kwa mstari mnyoofu milimita 102. Sasa katika picha iko milimita 105 kutoka katikati. Shafti ya kipenyo cha milimita 50 imechorwa kama yenye kipenyo cha milimita 210, zaidi ya mara nne. Upande ulioshikiliwa haukusogea, kwa hiyo umebaki mwembamba. Kutoka mwembamba huu hadi mnene ule ndiyo umbo la tarumbeta.

Rudisheni kizidisho kiwe 1, na uvimbe unatoweka. Unabaki kama sehemu 5 za elfu moja za milimita, na hata hizo si za shafti. Ni za mstari mnyoofu uliowekwa mahali pa duara. Chukueni kalipa, mpime shafti inayofanya kazi kwa nguvu yake ya kawaida. Hamtaona imenenepa.

Tena angalieni jambo lingine. Ukizidisha digrii 1.17 mara 200 unapata digrii 234, zaidi ya nusu ya duara. Lakini katika picha mstari ule umegeuka digrii 76 tu, kwa sababu anayekwenda kwa mstari mnyoofu hawezi kuzunguka, na hatafika digrii 90 hata ukizidisha mara milioni. Kwa hiyo hata kusokotwa kwenyewe hakupimwi kwa kuitazama picha. Kunasomwa katika tarakimu.

Kuna mhandisi atakayesema, “Sisi tumetumia hesabu ya misogeo mikubwa, inayofuata duara.” Ni vizuri, hesabu yake itakuwa sahihi zaidi. Lakini mchoraji akichukua jibu lake na kulizidisha mara 200, bado atalivuta kwa mstari mnyoofu, na tarumbeta itarudi pale pale. Dawa ni kuweka kizidisho 1 na kusoma namba.

Si kila cha ajabu ni uongo

Tusiende upande wa pili na kusema kila picha ni hila. Shafti ya duara ikisokotwa, uso wake wa mwisho hubaki bapa. Lakini shafti ya pembe nne, kama zile baadhi zinazotoka nyuma ya trekta kuendesha mashine za shambani, haifanyi hivyo. Uso wake hujikunja, sehemu zingine hutokeza nje na zingine huingia ndani. Mfaransa Saint-Venant alilieleza jambo hili mwaka 1855, kabla ya kompyuta. Mkiona kujikunja huko katika picha ya shafti ya pembe nne, jueni umbo ni la kweli, ila ukubwa wake ndio umekuzwa.

Na rangi je? Nyekundu haina maana ya kuvunjika. Programu huipa nyekundu sehemu yenye mkazo mkubwa kuliko nyingine katika picha ile, hata kama mkazo wenyewe ni mdogo. Shafti yetu yenye nyutoni 41 itakuwa nyekundu ngozi nzima, naye mwendeshaji anaweza kulala usingizi. Ulizeni namba iliyoandikwa kando ya nyekundu, kisha ulizeni chuma hicho kinastahimili ngapi.

Pamoja na hayo, hesabu yenyewe yaweza kukosea. Tarehe 23 Agosti 1991, huko Norwei, jukwaa la zege la kuchimbia mafuta liitwalo Sleipner A lilizama karibu na Stavanger wakati wa kujaribiwa. Kompyuta ilikuwa imepiga hesabu ya kuta zake kwa vipande vikubwa mno mahali palipohitaji vipande vidogo, ikapunguza nguvu ya kukata kwa asilimia 47. Uchunguzi wa uangalifu uliofuata ulionyesha kuwa ukuta ungeshindwa jukwaa likishushwa mita 62. Kwa kweli lilishindwa kwenye mita 65. Hakuna aliyekufa, lakini fundisho limebaki: jibu la kompyuta ni kama shahidi mwingine yeyote, lazima aulizwe maswali.

Shafti yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza

Turudi kwa ndugu yetu wa mkanda wa makapi. Kamati iliomba karatasi nzima, si picha iliyokatwa. Pembeni iliandikwa kizidisho 200. Nguvu ya kusokota iliyotumika katika hesabu ilikuwa ile ya kawaida ya mota. Basi picha iliyoletwa kuthibitisha kwamba mashine ilizidiwa ilikuwa picha ya mashine inayofanya kazi yake ya kila siku!

Hata hivyo, wenzetu hawakushangilia mapema. Mota inapowashwa, au mkanda unapokwama, shafti yaweza kusokotwa mara mbili ya kawaida au zaidi. Picha ya nguvu ya kawaida haikumtia mtu hatiani, lakini pia haikumwondolea lawama. Walikwenda karakana kuitazama shafti yenyewe.

Tazameni mambo matatu, nasi tunawasihi mjifunze kuyatazama kabla vipande havijatupwa kwenye chuma chakavu.

La kwanza ni mfereji wa kabari, ule unaochongwa ili kabari ikamate gia au puli. Mfereji ni mstari ulionyooka. Chuma laini kikisokotwa kupita nguvu zake hakirudi, na mfereji hubaki umepinda kama mzabibu unaopanda mti. Mfereji wa shafti ile ulikuwa umenyooka.

La pili ni uso wa mkato. Chuma laini kilichozidiwa kwa mara moja hukatika karibu bapa, na alama za mzunguko huonekana. Kitu kikavu hukatika kwa mshazari. Chukueni chaki, isokoteni kwa mikono miwili bila kuipinda, mtauona mshazari huo. Lakini chuma kilichochoka kidogo kidogo kwa muda mrefu huacha mistari inayofuatana, kama ile inayoachwa mchangani na maji ya ziwa yanaporudi nyuma. Mistari huzunguka mahali ufa ulipoanzia. Katika shafti ile ilizunguka kona ya mfereji wa kabari, na sehemu iliyo karibu na kona ilikuwa na kutu. Ufa wenye kutu haukuzaliwa usiku ule.

La tatu ni kipenyo. Pale kwenye mfereji shafti ilikuwa imekerezwa wakati wa matengenezo ya zamani. Kalipa ilionyesha milimita 45. Mtu atasema, milimita 5 ni nini? Lakini mkazo hufuata kipenyo mara tatu. Kutoka 50 hadi 45, mkazo umepanda kwa asilimia 37, kutoka nyutoni 41 hadi 56. Kisha kona kali ya mfereji huweza kuuzidisha mkazo wa mahali pale mara mbili au tatu. Kwa kila kuwashwa na kuzimwa, kwa kila kukwama, ufa ule ulikula kidogo. Mwenzetu ndiye aliyekuwa zamu siku chuma kilipochoka kabisa.

Hayo yote yalipowekwa mezani pamoja na hesabu iliyoandikwa kwa kalamu, barua ya onyo iliondolewa na mshahara haukukatwa. Lililo kubwa zaidi ni kwamba shafti tano za namna ile zilisimamishwa na kukaguliwa, na moja ilikutwa na ufa. Picha isiyosomwa ingemwadhibu mtu mmoja na kuuacha ufa ule wa pili uendelee kungoja mtu wa kumwangukia.

Ya kukumbuka

Mkiletewa picha ya namna hii, ulizeni kwa adabu, na majibu yaandikwe:

1. Kizidisho ni ngapi? Tuonyeshwe picha yenye kizidisho 1.
2. Nguvu iliyotumika katika hesabu ni ipi: ya kazi ya kawaida, ya kuwasha, au ya kukwama? Nani aliipima?
3. Kipenyo kilichotumika ni cha mchoro wa zamani au cha shafti iliyokatika? Mfereji wa kabari umo katika hesabu?
4. Namba ya mkazo mkubwa kabisa ni ipi, na chuma hiki kinastahimili ngapi?
5. Vipande vya shafti viko wapi? Visisafishwe wala kutupwa kabla wajumbe wa wafanyakazi hawajaviona.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Moja: shafti ya milimita 60 imekerezwa hadi 54. Mkazo wake umepanda kwa asilimia ngapi? Mbili: chukueni kipande cha godoro la sponji, mchore miraba juu yake, kisha mkisokote. Miraba inakuwa umbo gani? Je, kipande kinavimba mwishoni kama tarumbeta ya kompyuta? Tatu: katika karakana yenu, nani huandika shafti inapokerezwa, na daftari hilo liko wapi?

Swali la tatu halina hesabu, lakini lisiachwe la mwisho. Daftari lile likiwapo na kusomwa, huenda ufa ukaonekana kabla shafti haijakatika.